Msiipe koranglee kazi ya zumari

Bwana Mhariri,

Msomaji wako wa Malindi aliyeandika juma lililopita kuhusu vijana wa pwani wanaotunga muziki wa okestra amegusa jambo ambalo nimelibeba moyoni muda mrefu, nami namshukuru. Alisema kila anayetaka pwani isikike ndani ya okestra aichukue koranglee, kwa kuwa koranglee na zumari ni ukoo mmoja, na aipe nyimbo zile zile tunazozisikia zumari ikizipiga kwenye ngoma za arusi. Neno lake la kwanza nalikubali kwa moyo wote. La pili litatuharibia koranglee, na mwisho wake litaiumiza hata zumari yenyewe. Naomba nafasi nieleze kwa nini.

Wasomaji wengi hawajaiona koranglee, kwa hiyo nianze na ala yenyewe. Ni ala ya upepo ya mbao, ndugu mkubwa wa obo, na sauti yake iko noti tano chini ya obo. Juu ina mrija mfupi wa chuma uliopinda, ambako mpigaji huchomeka ulimi wa mwanzi wenye bapa mbili zilizofungwa pamoja kwa uzi. Chini, mwisho wa mbao umevimba kisha ukabana tena. Mwanzi mzuri wa kutengenezea ulimi huo hutoka Var, kusini mwa Ufaransa. Lakini mbao, ndugu zangu, ni mpingo. Ni mpingo huu huu wa kusini mwa Tanzania na Msumbiji, mti ambao Watanzania wameufanya mti wao wa taifa. Hukatwa kwenye misitu ya Kilwa na kwingineko, huvuka bahari, hukaushwa, hutobolewa na kutiwa vibonyezo vya fedha, kisha huuzwa kwa bei ambayo shule zetu za pwani haziwezi hata kuiuliza. Tarehe 2 Januari 2017 mpingo na jamaa zake wote waliingizwa katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, wapigaji wakapata taabu kuvuka mipaka na ala zao, mpaka ala zilizokwisha kutengenezwa ziliporuhusiwa tena mwezi wa Novemba 2019. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba koranglee haituhusu. Mwili wake umetoka kwetu.

Na kweli ina undugu na zumari. Zote mbili zina ulimi wa bapa mbili, na zote mbili zina ule mlio wa puani ambao klarineti haina na filimbi haina. Msomaji wa Malindi hakukosea sikio. Tofauti iko kinywani, nayo ndiyo inayobadilisha kila kitu.

Mwanafunzi wangu wa zamani, binti ambaye sasa anapiga obo na koranglee Nairobi, alikuja Lamu likizo na ala zake. Nikamchukua hadi Langoni kwa mzee mmoja ambaye amepiga zumari tangu utoto wake. Mzee aliishika koranglee kwa mikono miwili, akaigeuza, akautazama ulimi kwa muda mrefu.

“Kisahani chako ki wapi, mwanangu?” akauliza.

“Sina, babu. Midomo yangu ndiyo inayoushika ulimi.”

“Basi wapumuaje?”

“Nakoma, babu. Nakoma nipumue, kisha naendelea.”

Mzee akanigeukia mimi. “Akoma! Mwalimu, mimi nikikoma wachezao wasimama.”

Hapo ndipo penye hoja yangu yote. Mpiga zumari huingiza ulimi mzima kinywani, midomo ikakaa juu ya kile kisahani kidogo kilicho chini ya ulimi. Hakuna kinachougusa ulimi isipokuwa hewa. Mashavu hujaa, pua huvuta pumzi ilhali mashavu yanasukuma, na sauti haikatiki kuanzia wimbo unapoanza hadi wachezaji wanapochoka. Sauti hiyo ni ya nje, ya uwanjani, ya kupasua katikati ya msondo na chapuo na upatu. Kwa kuwa midomo haiugusi ulimi, mpigaji hana njia kubwa ya kuifanya noti ianze kwa mnong'ono, inenepe, kisha ififie. Wala hahitaji. Kazi yake ni kuwashika watu miguu.

Mpiga koranglee ameushika ulimi kwa midomo yake, na kila anachokifanya kwa midomo kinasikika. Anaweza kuianza noti mahali ambapo huwezi kujua kama imeanza. Anaweza kuijaza mpaka chumba kizima kitetemeke, kisha airudishe. Anaweza kuishusha kidogo, chini ya pale kinanda kinapoiweka, na hili lina thamani kubwa kwetu sisi ambao masikio yetu yamelelewa na udi na taarabu, ambamo kuna noti zinazokaa katikati ya vibonyezo viwili vya kinanda. Lakini lazima apumue. Na haina nguvu za kupigana na ngoma.

Nimewasikia vijana wetu wakifanya lile analolishauri msomaji wa Malindi. Katika kipande kimoja mtunzi aliipa koranglee wimbo wa chakacha, mbio, juu kabisa ya uwezo wake, bila pumziko, na chini yake akaweka ngoma tatu na tarumbeta. Binti wa watu alipiga mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Tuliona vidole vyake vikikimbia. Sauti yake hatukuisikia. Baadaye watu wakasema koranglee ni ala dhaifu. Nilitoka pale nimeumia, maana kijana huyo ana kipaji kikubwa, na wimbo ulikuwa mzuri, na mpigaji alikuwa mzuri. Vitu vitatu vizuri viliharibiana kwa sababu moja tu: mtunzi aliandika kwenye kompyuta, na kompyuta haina mapafu. Programu itakupigia koranglee dakika kumi mfululizo bila kuvuta pumzi, na itakuongezea sauti yake juu ya tarumbeta ukitaka. Anayeandika kwa kuisikiliza programu peke yake anaandikia ala ambayo haipo duniani.

Basi koranglee ipewe nini?

Mimi naipa utenzi. Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiwasomea wajukuu wa kike Utendi wa Mwana Kupona baada ya isha, sisi wavulana tukisikiliza kutoka ukumbini. Mwana Kupona wa Pate aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, na wanawake wa visiwa hivi wameusoma kwa sauti ya kughani tangu hapo. Sauti ya nyanya haikupanda sana wala haikushuka sana. Ilitembea ndani ya noti chache, ikakaa juu ya silabi ya mwisho, ikatulia, ikaendelea. Nilipoisikia koranglee kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa ualimu, katika sahani ya santuri, niliitambua sauti ya mwanamke mtu mzima anayesoma. Na si hisia zangu peke yangu. Noti ya chini kabisa inayosikika kwenye koranglee ni ile E iliyo chini ya C ya kati, na eneo lake lililo tajiri zaidi, kuanzia hapo kwenda juu kwa oktavi moja na nusu hivi, linakaribiana na lile la sauti ya alto katika kwaya. Kila mwalimu wa kwaya wa Kenya anaijua sauti hiyo. Ni ile ya akina mama wanaosimama nyuma ya masoprano, ambao wimbo ukipotea wao ndio wanaourudisha.

Utenzi una umbo ambalo koranglee inalitaka. Mizani minane kwa kipande, vipande vitatu vya kwanza vyenye kina kimoja, na cha nne kinarudi kwenye kina kile kile kinachofunga kila ubeti hadi mwisho wa utenzi. Ukilitia hilo kwenye noti, unapata sentensi tatu fupi zinazotembea, na ya nne inayokuja kukaa mahali pamoja kila mara. Katika kipande cha muziki ninachokitunga, mahali hapo nimepaweka A iliyo chini ya C ya kati. Mpigaji haisomi kama A. Karatasi yake huandikwa noti tano juu ya sauti inayotoka, kwa hiyo yeye huiona E ya mstari wa kwanza, na vidole vyake huenda vile vile ambavyo vingeenda kwenye obo. Hili huwachanganya wanaoanza, hasa sisi tuliolelewa na solfa ambamo do huhama na kila mtu huhama nayo. Andika C, itasikika F iliyo chini yake. Ukitaka isikike C, andika G. Usimwachie mpigaji ahesabu. Mpe karatasi iliyokwisha kuhamishwa.

Naipenda A hiyo kwa sababu pale koranglee haihitaji kulazimishwa. Obo ikishuka kwenye noti zake za chini huwa inafoka, na ni kazi kubwa kuifanya iseme taratibu. Koranglee chini kule inasema kwa upole na bado imejaa. Juu ni kinyume: kadiri unavyoipandisha inakonda, na ukiipandisha sana umeipoteza, afadhali ungemwita obo mwenyewe. Na kule chini kabisa kuna mtego wa vidole. C ya chini na C shapu iliyo juu yake, kama zinavyoandikwa, zote zinabonyezwa na kidole kidogo cha mkono wa kulia, kidole hicho hicho kimoja, kikiteleza kutoka kibonyezo hiki hadi kile. Kijana akiandika noti hizo mbili zipokezane upesi upesi atakuwa amemwandikia mwenzake aibu.

Sasa pumzi, ambayo mzee wa Langoni aliiuliza kabla ya mimi kumweleza chochote. Watu wengi hudhani mpiga koranglee huishiwa na hewa. Tundu la ulimi ni dogo mno, hewa hutoka kidogo kidogo, kwa hiyo mwisho wa sentensi ndefu mapafu yake bado yamejaa, ila yamejaa hewa iliyochoka. Lazima aitoe kwanza, ndipo avute mpya. Ni mambo mawili, na yanataka nafasi ya mambo mawili. Katika utunzi wangu, baada ya kila kipande cha ubeti nimempa mapigo machache tu, atoe au avute, achague mwenyewe. Baada ya ubeti kamili nimempa kimya cha kutosha kufanya yote mawili na kulowesha midomo, na katika kimya hicho udi unajibu. Msomaji wa utenzi naye hukoma pale pale. Sikulazimika kubuni chochote. Aliyetaka mshororo mrefu zaidi atazame Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir: mizani kumi, na kituo baada ya mizani ya sita. Sita kisha nne, sita kisha nne. Pumzi imekwisha kupangwa na mshairi zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita.

Msomaji wa Malindi huenda akaniambia kwamba naifungia koranglee ndani ya nyumba. Namwomba awasikilize walioiandikia vizuri zaidi huko ilikokulia. Wagner, katika opera yake Tristan und Isolde iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Munich mwaka 1865, ana mtu aliyejeruhiwa anayelala kwenye ngome juu ya bahari, akingoja jahazi la mwanamke ampendaye. Mchungaji amewekwa alinde upeo wa macho. Bahari ni tupu. Mchungaji anapiga wimbo wake, na wimbo huo ni koranglee peke yake, bila fidla, bila ngoma, bila hata noti moja ya kuisindikiza, kwa muda mrefu kuliko mtunzi mwingine yeyote angethubutu. Sisi wa Lamu tunahitaji kuelezwa maana ya bahari tupu? Mama zetu walikaa madarishani wakati wa kaskazi na wa kusi wakingoja vyombo, na vingine havikurudi.

Lakini kuna jambo jingine katika opera hiyo ambalo ndilo hasa ninalotaka vijana walione. Jahazi linapoonekana, mchungaji anabadilisha wimbo, anapiga wa furaha, wa mbio. Wagner hakuridhika kwamba koranglee peke yake ingetosha. Aliandika kwamba isaidiwe na obo na klarineti, au bora zaidi itengenezwe ala nyingine ya mbao mahsusi kwa wimbo ule. Mtu aliyeijua ala ile kuliko wengi, aliyeipa kungoja kote kule, furaha alitaka kuikabidhi kwa ala nyingine.

Berlioz alikuwa ameiona njia nyingine mwaka 1830. Katika sehemu ya tatu ya Symphonie fantastique, koranglee inaita, na obo inajibu kutoka nyuma ya pazia, kwa mbali. Wanapokezana kama wachungaji wawili kwenye vilima. Mwishoni koranglee inaita tena, na obo haijibu. Kinachojibu ni ngoma, radi ya mbali. Naye Dvořák, katika sehemu ya polepole ya simfonia aliyoitoa New York mwaka 1893, aliipa wimbo wa noti chache tu, mtu yeyote anaweza kuuimba akisikia mara moja, na chini yake akaweka fidla zilizozibwa sauti, zikishikilia na kusubiri. Nawashauri vijana waisikilize sehemu hiyo huku wakiuliza fidla zinafanya nini, maana kila mtu huusikiliza wimbo na kusahau kwamba fidla zimenyamazishwa ili wimbo upite.

Na zumari je? Zumari ibaki zumari. Kama unataka ngoma ndani ya okestra, mwalike mpiga zumari aketi ndani ya okestra, umlipe sawa na mpiga fidla, na umwandikie au umwachie nafasi apige anachokijua. Kumpa koranglee wimbo wake ni kusema kwamba mzee wa Langoni hahitajiki tena. Mzee huyo hana mwanafunzi. Vijana wanaoijua zumari visiwani mwetu wanapungua, na kila anayepata njia ya kuiigiza kwa ala nyingine anampa mtu sababu moja zaidi ya kutoijifunza. Hili ndilo linalonikereketa zaidi ya yote, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Watu wa Malindi wana ushahidi mkongwe kuliko wote katika jambo hili. Mabaharia wa Vasco da Gama walipotia nanga huko mwaka 1498, mmoja wao aliandika katika kumbukumbu za safari kwamba mfalme wa Malindi alikuwa na wapigaji wengi wa tarumbeta, na pamoja nao siwa mbili za pembe zilizochongwa, urefu wa mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni, na kwamba zilipatana vizuri na zile tarumbeta. Siwa kama hizo bado tunazo. Ya pembe ya Pate na ya shaba ya Lamu zinajulikana na kila mtoto aliyepelekwa makumbusho na mwalimu wake. Ala mbili tofauti, kila moja na kazi yake, zikasikika pamoja mbele ya mfalme. Mabaharia wakaona inafaa kuandikwa.

Kipande changu kinakwenda hivi. Koranglee inasoma beti saba, udi ukijibu. Katika ubeti wa saba ile A ya kurudi haiji. Koranglee inakoma noti moja juu yake. Matari yanaanza kwa mbali. Halafu zumari inaingia kutoka nje ya mlango wa ukumbi, kwa sauti yake yote, na koranglee haisikiki tena. Mpigaji wa koranglee ninaye, akipata ruhusa ya kusafiri na ulimi wake usipomsumbua kwa mvuke wa pwani, maana mwanzi uliokatwa kwa hewa ya Nairobi hubadilika ukifika hapa na hutaka siku chache uzoee. Mpiga udi ninaye. Mzee wa Langoni amenijibu kwamba kifua chake hakiwezi tena kupiga kwa muda ule akiwa amesimama.

Kwa hiyo namwomba msomaji wa Malindi, kwa kuwa ameonyesha kuzijua ngoma za arusi za huko, anitafutie mpiga zumari mwenye nguvu ambaye atakubali kuja Lamu kufanya mazoezi. Asijali kama hasomi noti. Anijibu kupitia ukurasa huu huu, nami nitagharamia nauli ya basi hadi Mokowe na ya boti.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa muziki,
Mkomani, Lamu